Uchambuzi wa kisa: Timu ya hoki ya barafu ya mabinti wa chuo iliyokuwa inafungwa kipindi cha pili

Kisa chenyewe

Hii ni timu ya wanawake ya chuo kimoja kidogo kaskazini mwa Marekani, zile sehemu ambazo theluji ikishuka mwezi wa 11 mnazoeana nayo mpaka mwezi wa 4. Mi nilikuwa nasoma pale, nikapata kile kibarua cha wanafunzi kwenye idara ya michezo na nikapangiwa hoki ya barafu, mchezo ambao kabla ya hapo nilikuwa nauona kwenye tivii tu tena kwa bahati mbaya. Kazi yangu ilikuwa video na saa, yani narekodi mechi alafu naandika nani kaingia lini na katoka lini. Kazi ya kuboa kwelikweli, lakini ndo imenipa kisa hiki.

Majina yote nimeyaondoa, chuo, ligi, mwaka, na matokeo ya mechi mojamoja siyataji kwa sababu hizi timu ni chache na ukitoa magoli mawili matatu tu mtu anaipata mtandaoni. Mfuatano wa matukio ndo huohuo.

Kwa ufupi: timu ilikuwa inafungwa sana, kocha akabadilisha kipa, akabadilisha tena, kumbe tatizo lilikuwa wachezaji wanakaa kwenye barafu muda mrefu kupita kiasi, na wanakaa muda mrefu kwa sababu kocha haiamini safu ya 3, yani kundi la tatu la mafowadi. Hilo la kwanza lilionekana Desemba. Hilo la pili lilikuja kuonekana wakati timu ishatolewa.

Mchezo, kwa asiyeujua

Usiruke hapa maana bila hivi vitu viwili vitatu kisa hakieleweki.

Kwenye barafu wanakuwa 6 kila upande, kipa mmoja, mabeki 2, mafowadi 3. Uwanja ni kama mita 61 kwa 26. Mechi ni vipindi 3 vya dakika 20 na saa inasimama kila mwamuzi akipuliza. Wanachokipiga ni paki, kidude cha raba ngumu chenye uzito wa kama gramu 160 hivi ambacho kinagandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Wanawake wa vyuo hawaruhusiwi kumpamia mtu makusudi kama wanaume, ila msidanganyike, kusukumana kupo na ukuta wa kuzunguka uwanja upo na barafu ni ngumu kama zege.

Sasa sikiliza hii ya kubadilishana maana ndo moyo wa kisa. Wachezaji wanaingia na kutoka mchezo ukiendelea, hakuna kusubiri mwamuzi. Mtu anakimbia kwa nguvu zake zote sekunde 40, 45, anatoka, mwenzake anaruka ukuta anaingia. Hiyo ndo zamu. Ikizidi dakika moja miguu inajaa moto, haigeuki, na kichwa kinaanza kuchagua mambo ya kijinga. Kwa hiyo timu inakuwa na safu 3 au 4 za mafowadi na jozi 3 za mabeki zinazopokezana usiku mzima.

Alafu kuna mitego miwili ya kikanuni. Wa kwanza, kila timu inabaki na benchi lake mechi nzima lakini magoli mnabadilishana kila kipindi, kwa hiyo kipindi cha 1 na cha 3 benchi lako liko upande wa goli unalolinda, na kipindi cha 2 liko upande wa goli la adui. Ukiwa unashambuliwa kipindi cha 2, kwenda kubadilisha ni safari ndefu na ukiondoka mapema unamwachia adui njia. Wa pili, ukizidiwa ukaipiga paki kutoka upande wako mpaka mwisho wa upande wa pili, bila kuguswa na mtu, mwamuzi anasimamisha na paki inarudishwa kuchezwa kwenye eneo lako, na nyinyi mlioipiga hamruhusiwi kubadilisha mtu. Walewale waliochoka wanabaki. Adui analeta watu wabichi.

Kwa kuongezea tu, huu mchezo sio wa wazungu peke yao siku hizi, Nairobi pale hoteli ya Panari barafu ilianza 2005, na Kenya imeingia kwenye shirikisho la dunia la hoki ya barafu mwaka 2024. Kwa hiyo kuna watu wanasoma hapa wanajua naongelea nini.

Timu ilivyokuwa

Michezo mingi ya vyuo Marekani iko chini ya chama kinachoitwa NCAA, na ina madaraja 3. Ubingwa wa taifa wa NCAA wa hoki ya wanawake ulianza 2001, na wa daraja la 3 ukafuata 2002. Timu yetu ilikuwa daraja la 3, ambako hakuna skolashipu ya michezo. Hili watu hulisahau. Hawa mabinti hawalipwi kucheza, wengine wana mikopo, wana maabara, wana mitihani, na mazoezi yetu mengine yalikuwa alfajiri kwa sababu jioni rinki, yani uwanja wenyewe wa barafu, inatumiwa na timu ya wanaume na watoto wa mji. Mechi zinachezwa Ijumaa na Jumamosi, mara nyingi na mpinzani yuleyule, na ugenini ni basi masaa kadhaa na sandwichi.

Mafowadi tulikuwa nao wa kujaza safu 3 vizuri na kidogo ya 4. Mabeki wazima 5 na mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye kocha alikuwa anamwona bado. Makipa 3. Kipa wa Kwanza alikuwa mwaka wa 3, mtulivu, haongei. Kipa wa Pili mwaka wa 2, mchangamfu, anapendwa na kila mtu. Wa tatu alikuwa hachezi ila mazoezini ndo alikuwa anapigwa mipira kuliko wote, maskini.

Msimu uliopita walimaliza karibu na mkia. Lengo la mwaka huu lilikuwa moja tu na lilibandikwa kwenye chumba cha kubadilishia: kucheza robo fainali ya ligi nyumbani.

Safu ya 1 ilikuwa na fowadi mmoja ambaye nitamwita Nyota, na kweli alikuwa nyota. Yeye akipata paki watu wanasimama. Safu ya 3 walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wawili na mmoja wa mwaka wa mwisho ambaye alishakubali maisha.

Novemba: lawama zinamwendea kipa

Mechi za mwanzo zilienda vizuri, alafu ukaja mfululizo wa wikiendi ambazo timu inaongoza au inatoka sare kipindi cha 1, kipindi cha 2 inafungwa magoli mawili ya harakaharaka, kipindi cha 3 inakimbiza na haifiki. Kila mechi script hiyohiyo. Mpaka wazazi waliokuwa wanakuja na blanketi zao walikuwa wanajua.

Kocha akamtoa Kipa wa Kwanza. Sababu aliyoitoa kwenye kikao cha benchi la ufundi ilikuwa na mantiki ukiisikia harakaharaka: asilimia ya mipira anayozuia imeshuka, anafungwa magoli ya karibu, na timu ikishafungwa la kwanza inavunjika moyo, kwa hiyo tumpe mchangamfu labda atawaamsha. Akaingia Kipa wa Pili, akashinda mechi yake ya kwanza, shangwe, kila mtu akasema mnaona sasa. Wikiendi iliyofuata akafungwa vilevile, kipindi kilekile. Akarudishwa wa Kwanza. Alafu ikawa mmoja Ijumaa mwingine Jumamosi, jambo ambalo vyuo vingi wanafanya na sio baya lenyewe, ila hapa halikufanywa kwa mpango, lilifanywa kwa sababu kocha hajui amwamini nani, na makipa walilijua hilo.

Kipa wa Kwanza alinyamaza zaidi. Mazoezini alikuwa anafika wa kwanza anaondoka wa mwisho, na mechini akaanza kutoka golini mapema kufuata mashuti, kitu ambacho hakuwa nacho mwanzo. Ukimwambia kipa kwamba tatizo ni yeye, ataanza kutafuta cha kurekebisha hata kile ambacho hakijaharibika.

Mtu wa kwanza kusema kitu cha maana wala hakuwa kwenye benchi la ufundi. Pale rinki mashine ya kusawazisha barafu alikuwa anaiendesha mzee mmoja Mkongo wa upande wa Kivu, tuligundua tunaongea lugha moja siku aliponisikia kwenye simu na nyumbani, na toka hapo ikawa salamu kila siku. Jumamosi moja kati ya kipindi cha 2 na cha 3 anasubiri watoke aingize mashine, akaniambia, "We dada, kwenu ni balebale tu banaingia. Bengine banafanya nini pale?" Nikamwambia Papa, mi naandika tu, sipangi. Akacheka akaondoka na mashine yake. Lakini karatasi yangu ilikuwa mkononi na nikaangalia, na alikuwa sahihi.

Desemba: karatasi ya zamu

Likizo ya mitihani timu inasimama wiki kadhaa. Kocha msaidizi akaomba nikae naye tupitie magoli yote ya kufungwa ya nusu msimu, sio kuangalia kipa kafanya nini bali kurudisha video nyuma mpaka pale ambapo wale waliokuwepo waliingia. Swali lilikuwa moja, walikuwa wamekaa kwa muda gani paki ilipoingia?

Tulichokiona hakikuhitaji hesabu za juu. Magoli mengi ya kipindi cha 2 yaliingia na watu ambao walishapita dakika moja kwenye barafu, mengine dakika na nusu. Na yana mnyororo unaofanana kiasi kwamba ukiangalia matano unaweza kusimulia la sita kabla hujabonyeza. Safu ya 1 imeingia, Nyota kashambulia, kapoteza paki, badala ya kutoka anarudi kukaba maana hataki kuonekana mvivu. Adui anaingia eneo letu. Mabeki wetu wako mbali na benchi, hawawezi kutoka. Wanakaba sekunde 30 nyingine. Wanapata paki, wamechoka, hawana pumzi ya kuitoa kwa pasi, wanaipiga tu mbele. Inapita mpaka mwisho. Filimbi. Hakuna kubadilisha. Wanarudi kusimama kwenye duara la pembeni mwa goli lao, mikono magotini, midomo wazi, mbele yao watu 5 wabichi. Paki inadondoshwa, adui anaishinda, shuti, kipa anazuia, paki inarudi mbele ya goli na hakuna beki mwenye mguu wa kuifikia. Goli.

Kuna moja tuliirudia mara nyingi. Beki wetu anaikaribia benchi, glovu yake imeshagusa ukuta kabisa, mwenzake keshanyanyua mguu kuruka, paki inageuka, anaacha ukuta anarudi kukaba. Angetoka pale angeonekana kaikimbia timu. Hakutoka, na goli likaingia mbele yake akiwa amepiga goti moja. Kwenye takwimu goli hilo limeandikwa kwa jina la kipa.

Kwa hiyo asilimia za makipa zilikuwa za kweli ila zilikuwa zinapima kitu kingine. Kipa anayepigwa shuti la pili na la tatu kutoka mita mbili hawezi kuwa na namba nzuri, hata umlete wa Olimpiki.

Januari: sheria ya sekunde 45

Kocha mkuu alipooneshwa hakubisha, na hapa nampa heshima yake maana wengi wangebisha. Akaweka mambo matatu. Zamu sekunde 45, na kocha msaidizi anasimama nyuma ya mabeki na saa anapiga kelele. Kipindi cha 2 ukivuka mstari wa katikati na paki huna la kufanya, iangushe ndani kabisa kwenye kona ya adui na ukimbie benchi, usijaribu kupiga chenga. Na makipa, atachaguliwa mmoja wa kila wikiendi mapema Jumatano, hatatolewa kwa goli moja.

Hiyo ya pili ilileta ugomvi. Nyota hakuipenda kabisa, alisema anaombwa kuutupa mpira ambao angeweza kufunga nao, na kusema kweli mara nyingine alikuwa sahihi. Nahodha ndo alimaliza, alikuwa beki, akamwambia mbele ya wote kitu kama hiki: "Wewe ukipoteza unatoka. Mimi ndo nabaki nyuma nikiwa siwezi kutoka." Ikaisha. Kwa wiki mbili hivi Nyota alitii kwa kununa, alafu akaanza kufunga kipindi cha 3 kwa sababu kumbe bado ana miguu kipindi cha 3, na hakuna aliyehitaji kumwambia kitu tena.

Timu ikaanza kushinda. Sio kila mechi, lakini zile za kufungwa mawili ya haraka zikaisha. Kufikia mwisho wa Januari robo fainali nyumbani ilikuwa inawezekana kihesabu.

Ila angalia hapa. Zamu zilifupishwa kwa safu ya 1 na ya 2, na safu ya 3 iliongezewa muda kidogo tu, wakati timu inaongoza kwa magoli mawili. Mechi ikibana, ni walewale, sema sasa wanaingia na kutoka haraka zaidi. Karatasi yangu ilikuwa inaonesha hivyo kila wiki na sikumbuki mtu kuiulizia, walikuwa wanataka urefu wa zamu tu.

Februari: kichwa cha beki

Wikiendi ya tatu kutoka mwisho, beki wetu bora alisukumwa akiwa anageuka na kichwa kikagonga ukuta. Alisimama mwenyewe. Akasema yuko fresh. Daktari wa timu, yule wa viungo anayekaa benchini, akampeleka nyuma akampima na akasema harudi, dalili za mtikisiko wa ubongo zipo. Kwenye taratibu za NCAA ukishaambiwa hivyo siku hiyo imeisha, na kurudi ni kwa hatua, kwanza mazoezi mepesi, alafu barafu bila kuguswa, alafu mazoezi kamili, na kila hatua inapewa walau siku nzima uone kama dalili zinarudi. Na neno la mwisho ni la watu wa tiba, kocha hana kura.

Huyu binti alilia, aliomba, alisema kichwa hakiumi. Siku ya nne akapanda baiskeli ya mazoezi na kichwa kikaanza kuuma, akarudishwa mwanzo. Kocha hakumsukuma hata kidogo, na nilikuwepo kwenye chumba wakati mtu mmoja wa pembeni, sio wa benchi la ufundi, aliposema wikiendi mbili tu zimebaki jamani. Kocha alimjibu kwamba hilo swali haulizwi yeye. Basi.

Sasa mabeki wamebaki wazima 4 na yule wa mwaka wa kwanza. Kocha akafanya uamuzi ambao ndo nauona mkubwa kuliko yote ya msimu. Alifupisha benchi. Mabeki 4 wakawa wanabeba karibu mechi nzima, na mafowadi safu 2 kamili na vipande vya ya 3. Sababu yake: pointi 3, 4 ndo zinatenganisha kucheza robo fainali nyumbani na kupanda basi, na mabinti wa mwaka wa kwanza hawajawahi kucheza mechi ya presha, hawezi kuwajaribia leo.

Ijumaa zote mbili tulishinda. Jumamosi zote mbili tulipoteza, miguu mizito mpaka unaisikia kwenye sauti ya skeiti, zile za mtu aliyechoka zinakwaruza badala ya kukata. Pointi zilitosha. Robo fainali ikawa nyumbani, lengo la ukutani limetimia, na mji ukajaa rinki kwa mara ya kwanza nilivyoona mimi.

Robo fainali

Mechi moja, anayeshinda anapita. Dakika 60 ziliisha sare. Kwenye mtoano hakuna penalti wala kile cha watatu kwa watatu cha msimu wa kawaida, ni kipindi kizima cha dakika 20, 5 kwa 5 ukiacha makipa, goli la kwanza linamaliza. Na timu zinabadilisha magoli, kwa hiyo muda wa nyongeza unachezwa kwenye mpangilio wa kipindi cha 2. Benchi mbali.

Kufikia hapo mabeki 4 wameshabeba mzigo wa mechi nzima. Kocha aliangalia benchi na nadhani alitaka kumwingiza yule wa mwaka wa kwanza na safu ya 3, na aliwaingiza, mara moja, na wakapoteza kichwa kwa sababu walikuwa hawajacheza dakika yenye maana kwa wiki nzima, mmoja alikimbilia upande ambao mwenzake alikuwa yupo tayari. Hawakufungwa, waliponea chupuchupu. Akawatoa, hakuwarudisha tena.

Goli liliingia katikati ya kipindi hicho. Mnyororo mnaujua. Paki imepigwa mbele na mtu aliyechoka, imepita mpaka mwisho, filimbi, hakuna kubadilisha. Kipa wa Kwanza, ndo alikuwa kapangwa, alizuia la kwanza na la pili.

Uchambuzi

Nianze na kichwa cha beki kwa sababu hilo halina mjadala. Uamuzi ulitoka mikononi mwa mtu mwenye shida ya kushinda ukapelekwa kwa mtu ambaye hana, na kocha akaheshimu. Dalili zilirudi siku ya nne kwenye baiskeli. Angerudishwa kwa kauli yake mwenyewe angecheza nazo. Kwetu huku Afrika Mashariki nimeona mchezaji kagongana kichwa kwa kichwa, anamwagiwa maji usoni, anarudi, watu wanapiga makofi. Kama utachukua kitu kimoja kwenye andiko lote hili chukua hiki, hakihitaji barafu wala hela.

Karatasi ya zamu ilifanya kazi kwa sababu iliuliza swali tofauti. Wote walikuwa wanaangalia goli linapoingia, pale ambapo mtu wa mwisho kugusa ni kipa. Kocha msaidizi akarudisha video dakika moja nyuma. Vifaa vilikuwa simu, kamera moja na mtu wa kukaa kwenye baridi akiandika. Ila msinielewe kwamba Januari yote ni kazi ya sekunde 45. Ratiba ya Januari ilikuwa nyepesi kuliko ya Novemba, timu mbili za juu tulishamalizana nazo, na makipa kujua mapema nani anadaka kuliwatuliza. Ni kiasi gani kimetokana na lipi, kwa mechi chache vile, hakuna anayeweza kukwambia. Nachoshikilia ni kwamba ule mnyororo wa kipindi cha 2 ulipungua kwenye video, hicho nilikiona kwa macho.

Kubadilisha kipa kulikuwa kosa la bei mbaya kuliko lilivyoonekana. Sio kwa sababu ya matokeo, maana matokeo yangekuwa yaleyale. Ni kwa sababu kipa ni mmoja, anaonekana, ana namba yake, kumtoa ni rahisi na kunampa kocha hisia kwamba kafanya kitu. Zamu ndefu ni za watu wengi na hazina jina la mtu. Na hakuna aliyerudi kumwambia Kipa wa Kwanza kwamba tuliona, haikuwa wewe. Kocha alibadilisha utaratibu akadhani huo ndo ujumbe.

Kufupisha benchi ndo kugumu kuhukumu. Wapo watakaosema kocha alifanya sahihi, bila zile Ijumaa mbili hakuna robo fainali nyumbani, na lengo lilikuwa limeandikwa ukutani kabisa. Mi naona aliingia kwenye kona ambayo aliijenga mwenyewe toka Novemba. Mwezi wa 2 alikuwa hana chaguo, ni kweli, lakini hakuwa nalo kwa sababu hakuwapa wale watoto dakika 3, 4 za kipindi cha 2 kwenye mechi za mwezi wa 11 ambazo zilikuwa zinapotea hata hivyo. Kumbuka tatizo la mwanzo lilikuwa uchovu wa walewale. Januari lilitibiwa kwa kufupisha zamu, na hiyo ilikuwa nusu ya dawa, maana uchovu wa zamu moja unapona kwa sekunde 45 lakini uchovu wa Ijumaa unaolala na wewe mpaka Jumamosi unapona kwa kuwa na watu. Takwimu ya pili, ya nani hachezi, ilikuwa kwenye karatasi hiyohiyo.

Na kuna suala la lengo lenyewe. "Robo fainali nyumbani" ilikuwa lengo zuri la Oktoba, ila ilipofika Februari ikawa inamfanya kocha atumie miguu ya timu kununua nafasi ya kucheza mechi ambayo miguu hiyo ndo ilihitajika. Timu ya ugenini iliyopumzika nayo ina nafasi, tena kwenye mechi moja ya mtoano ina nafasi nzuri tu.

Baada ya hapo

Kipa wa Kwanza alihama chuo kiangazi hicho, aliingia kwenye ule mfumo wa uhamisho akapata chuo kingine cha daraja hilohilo karibu na kwao. Sababu alizotoa zilikuwa za masomo. Nyota alibaki, nahodha alimaliza. Yule beki alipona kabisa na akarudi msimu uliofuata.

Kocha alibaki pia na msimu mpya alibadilisha vitu viwili ambavyo niliviona kabla sijamaliza kibarua. Mazoezi ya katikati ya wiki, mchezo wa ndani unachezwa kwa kutumia mlango wa benchi la mbali tu, na safu ikipiga paki ikapita mpaka mwisho inabaki palepale icheze tena imechoka, ili wote wajue kinavyouma. Na safu ya 3 ndo ikawa inaanza kipindi cha 2, kila Ijumaa, matokeo yakiwa yoyote. Wikiendi ya kwanza walifungwa goli ndani ya dakika mbili. Wakaanza tena wikiendi iliyofuata.